UZI: Kinanda cha mabomba kimenyamazishwa na spika zimewekwa nyuma yake. Tuzungumze kabla mabomba hayajauzwa kwa uzito

Mleta Mada

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Naomba tulijadili jambo ambalo makanisa mengi yenye vinanda vya zamani vya mabomba, yaani vile vinavyolia kwa upepo unaopita ndani ya mabomba, yamekwisha kulipitia, na yaliyobaki yatalipitia. Kinanda kikianza kukwama, baraza la kanisa hukutana, muuzaji wa kinanda cha elektroniki huja na spika zake kwa majaribio ya Jumapili moja, waumini husifia, na baada ya miezi michache uamuzi unakuwa umekwisha kupita. Mabomba ya mbele, yale yanayong'aa, huachwa yasimame kama pambo kwa sababu macho ya watu yameyazoea, na spika hufichwa nyuma yake. Yale ya ndani, ambayo ndiyo mengi zaidi, huishia kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa msaidizi wa fundi wa kusawazisha sauti za vinanda: yeye akiwa ndani ya kasha la kinanda, mimi nimekaa mbele ya vibonyezo nikibonyeza noti moja baada ya nyingine kadiri anavyoniita. Kanisa moja tulilolihudumia, ambalo sitalitaja, liliamua kununua kinanda cha elektroniki. Siku tuliyokwenda kuchukua vifaa vyetu tulikuta mabomba yamerundikwa sakafuni kama kuni, marefu juu ya mafupi, na yale ya sauti za juu kabisa, yasiyozidi urefu wa kalamu, yamekwisha kukanyagwa. Mabomba hayo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi, laini kiasi kwamba ukucha tu unaweza kuacha alama. Likibonyea mdomoni, pale upepo unapokatwa na ukingo, sauti yake imekwenda mpaka mtu mwenye mkono wa ustadi alinyooshe tena.

Ndani ya kasha, kwenye ubao uliokuwa karibu na mpini wa mvukuto, kulikuwa na majina yaliyoandikwa kwa penseli. Ni majina ya vijana waliovukuta upepo zamani kabla ya feni ya umeme kufungwa, kila jina na tarehe yake, na mmoja wao alikuwa amepiga vistari kuhesabu nyimbo za ibada ambayo bila shaka ilikuwa ndefu. Ubao huo nao ulikuwa umetupwa kwenye rundo.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba kinanda kile hakikuwa kimekufa. Kilikuwa na ngozi zilizochoka. Kwa wasiokifahamu chombo hiki, niseme hivi: upepo hutoka kwenye feni, huhifadhiwa kwenye mvukuto, kisha huingia kwenye sanduku la upepo ambalo mabomba yote yamesimama juu yake. Ukibonyeza noti, kilango kidogo chini ya bomba hufunguka. Katika vinanda vingi vya mwishoni mwa karne ya 19 na vya karne ya 20, vilango hivyo husukumwa na vifuko vidogo vya ngozi nyembamba mithili ya ngozi ya glavu. Ngozi hiyo hudumu miongo kadhaa, kisha hukauka na kupasuka. Kifuko kimoja kikipasuka, noti moja hunyamaza au hulia yenyewe bila kuguswa. Vikipasuka hamsini, waumini husema kinanda kimeoza. Mabomba yenyewe, wakati huo wote, ni mazima na yanaweza kuimba kwa karne nyingine.

Swali langu kwenu ni hili: ni nani hulieleza baraza tofauti kati ya kinanda kilichokufa na kinanda kinachodai ngozi mpya?

Fundi Elektroniki

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo, na ubao ule ulistahili kuhifadhiwa. Hapo tuko pamoja. Hata hivyo naomba uwe mwadilifu kwa upande wa pili, maana mimi ndiye ninayevifunga hivyo vinanda vya elektroniki.

Kanisa likiniita, mara nyingi limekwisha kukaa miaka bila kinanda kinachotegemeka. Fundi wa mabomba aliye karibu yuko mbali mno, au amestaafu, na foleni yake ni ya miaka miwili. Kinanda changu kinaingia mlangoni siku moja na kinapigwa Jumapili inayofuata. Hakisumbuliwi na joto wala baridi, na kina tundu la kuchomeka visikilizio vya masikioni ili mwanafunzi afanye mazoezi usiku bila kumwamsha mtu. Sauti zenyewe siku hizi zimerekodiwa bomba kwa bomba kutoka kwenye vinanda halisi. Nimewahi kusimama na mapadre, wachungaji na walimu wa kwaya waliofumba macho wakashindwa kutofautisha. Kama sikio halitofautishi, kwa nini tuwatwishe waumini mzigo wa ngozi na mivukuto?

Mleta Mada

Mkuu, nimekusoma kwa makini, na hoja zako nyingi nazikubali. Kanisa lisilo na kinanda kabisa likinunua cha elektroniki, mimi sina neno. Uzi huu unahusu kanisa ambalo tayari limekabidhiwa cha mabomba.

Hoja ya sikio ni ya zamani kuliko sisi sote. Mvumbuzi wa Marekani, Laurens Hammond, alipotoa kinanda chake cha umeme mwaka 1935, kampuni yake ilitangaza kwamba kinaweza kutoa sauti za kinanda cha mabomba. Tume ya Biashara ya Marekani ililipinga tangazo hilo, na katika kesi hiyo likafanyika jaribio ndani ya Rockefeller Chapel ya Chuo Kikuu cha Chicago: spika za Hammond zilifichwa mahali pamoja na mabomba ya kinanda kikubwa kilichotengenezwa na kampuni ya Skinner, wasikilizaji wakaambiwa wataje kinachopigwa. Wanamuziki walikosea takriban mara moja katika kila tatu, na wanafunzi walikuwa karibu na kubahatisha. Pamoja na matokeo hayo, mwaka 1938 tume iliiamuru kampuni iache baadhi ya madai yake. Chombo chenyewe baadaye kilijipatia utukufu wake katika jazi na katika nyimbo za injili, na sababu ni kwamba wapigaji waliacha kukidai kiwe kitu kingine wakaipenda sauti yake yenyewe.

Ninalolitoa katika kisa hicho ni kwamba kuwashinda watu waliofumba macho kwa dakika chache ni jambo lililowezekana tangu enzi za magurudumu ya chuma yanayozunguka mbele ya sumaku, na leo ni rahisi zaidi. Kuongoza mkutano mzima katika wimbo ni kazi nyingine. Bomba la futi 16 lina urefu wa karibu mita 5 na husukuma hewa ya jengo kutoka mahali pake, na jirani yake kutoka mahali pengine, na mamia ya mabomba hukutana hewani, kila moja likiwa chanzo chake chenyewe. Spika sita au kumi hulazimika kubeba sauti hizo zote zikiwa zimekwisha kuchanganywa ndani ya waya. Mpiga kinanda mmoja peke yake kwenye jengo tupu anaweza asilihisi hilo. Waumini mia nne wanaoimba ubeti wa mwisho hulihisi, kwa sababu wanajisikia wamebebwa.

Kuhusu uimara, naomba unisahihishe kama nakosea, maana wewe ndiye mwenye kazi hiyo. Kinanda cha elektroniki kina bodi, vipozaumeme, skrini na programu. Kinanda cha kidijitali cha kwanza kuuzwa makanisani kilitolewa na kampuni ya Allen mwaka 1971. Je, ni vingapi vya rika hilo unavyoweza leo kuvipatia kipuri kipya cha asili?

Fundi Elektroniki

Nitajibu kwa uaminifu. Kampuni nzuri hutunza vipuri kwa muda mrefu, lakini chipu ikishaacha kutengenezwa duniani, hata kampuni nzuri hufika mwisho wa uwezo wake. Mimi huwaambia wateja wahesabu miaka 20 hadi 30, na spika zinaweza kudai matengenezo kabla ya hapo. Wengi hawaliandiki hilo kwenye kumbukumbu za kikao.

Mpiga Kinanda

Nimepiga vinanda vya aina zote mbili kwa muda mrefu, na ningependa kuongeza jambo ambalo halijaguswa.

Kwenye kinanda chenye vijiti, yaani kile ambacho kibonyezo kimeunganishwa na kilango kwa vijiti vyembamba vya mbao, unauhisi upepo chini ya kidole. Kibonyezo kinakataa kidogo, kisha kinaachia ghafla: hapo ndipo kilango kimefunguka. Ukibonyeza polepole, bomba linaanza kwa pumzi laini. Ukibonyeza kwa haraka, linaanza kwa mkato. Mwanafunzi anayejifunza hapo hujifunza kuachia noti kwa uangalifu sawasawa na kuibonyeza. Nimewapokea wanafunzi waliolelewa na kinanda cha elektroniki pekee. Vidole vyao ni vyepesi, lakini mwisho wa kila noti umekatwa ovyo, kwa sababu chombo hakikuwahi kuwajibu.

Naungana pia na mleta mada kuhusu umri. Katika basilika ya Valère, mjini Sion huko Uswisi, kipo kinanda chenye sehemu za karne ya 15 ambacho bado kinapigwa. Hakuna aliyekihifadhi kwa muujiza. Kila kizazi kilikirekebisha kidogo, kikakiacha kwa kinachofuata.

Katibu wa Baraza

Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma kimya kimya, na sasa nalazimika kuuliza kwa sababu jambo hili liko mezani kwetu. Mimi ni katibu wa baraza la kanisa letu. Kinanda chetu cha mabomba hakijapigwa kwa miaka minne. Tunalo pendekezo la kununua cha elektroniki, na muuzaji amejitolea kuondoa cha zamani bila malipo, jambo ambalo wajumbe wengi wameliona kuwa fadhila. Kikao ni baada ya wiki tatu. Binafsi sijui hata pa kuanzia. Je, tufanye nini ndani ya muda huo mfupi?

Mleta Mada

Ndugu katibu, nafurahi umeuliza kabla ya kura, na naomba uniruhusu nijibu kwa urefu.

Hilo la kuondolewa bure ndilo la kulisimamisha kwanza. Anayekuja kuondoa bure ana haraka. Atang'oa kwa nyundo, na thamani ya chuma itakuwa yake. Mkishanunua au msiponunua, kinanda cha zamani kiamuliwe kwa azimio lake peke yake, na kisiwe mstari wa mwisho kwenye ankara ya mtu mwingine.

Kisha mtafuteni fundi wa vinanda vya mabomba asiye na uhusiano na muuzaji yeyote, akikague na kuwaandikia taarifa. Mlipie ukaguzi huo hata kama unaonekana ghali kwa kazi ya siku moja. Taarifa hiyo itenganishe mambo matatu: mabomba, sanduku la upepo, na mfumo wa kuendesha vilango. Makosa makubwa niliyoyaona yalitokana na kuyachanganya. Meza ya mpigaji ikiwa na nyaya zilizooza, watu husema kinanda kizima kimekwisha, ilhali nyaya ndizo rahisi kubadilishwa kuliko vyote. Sanduku la upepo likiwa limepasuka kwa ukavu, hilo ni kubwa zaidi, kwani upepo huvuja kutoka noti moja kwenda nyingine na kazi yake ni ya kiserimala ya subira nyingi. Mabomba yakiwa yamejaa vumbi, hayo huoshwa tu. Nimewahi kushuhudia noti ya bomba la ulimi, yaani lile linalolia kwa ulimi mwembamba unaotetemeka, iliyokuwa bubu kwa miaka mingi ikirudi baada ya fundi kutoa nzi mmoja mkavu aliyekuwa amenasa kati ya ulimi wa shaba na kitako chake.

Muulizeni pia kuhusu hatua. Kinanda chenye rejista 20, yaani safu 20 za mabomba zenye rangi tofauti za sauti, kina mabomba yanayozidi 1,000, na hakuna sheria inayosema yote yarudi kwa pamoja. Kanisa linaweza kufufua safu nne au tano zinazotosha kuongoza wimbo, likaendelea na nyingine kadiri uwezo unavyopatikana. Wajumbe wakisikia neno moja tu, "ukarabati", wenye gharama moja kubwa, watakataa, na mtu hawezi kuwalaumu.

Mwisho, kama uamuzi utakuwa kwamba kinanda hakiwezi kubaki, kitafutieni makao. Marekani ipo Organ Clearing House, inayofanya kazi ya kuvihamisha vinanda kutoka majengo yaliyofungwa kwenda kwa wanaovihitaji. Uingereza kipo chombo cha kitaaluma cha BIOS, kilichoanzishwa mwaka 1976, kilichojenga daftari la vinanda vya mabomba na kutoa vyeti kwa vile vya kihistoria. Ujerumani, utengenezaji wa vinanda na muziki wake viliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Hata pasipo na vyombo vya namna hiyo, vyuo vya muziki na mafundi wengine huwa wanatafuta safu nzuri ya mabomba ya zamani.

Mwimbaji wa Besi

Naomba kuuliza swali dogo. Kwa nini tusichanganye? Nimesikia kuna makanisa yaliyobakiza mabomba na kuongeza sauti za elektroniki kwa zile zilizokosekana.

Mpiga Kinanda

Inawezekana, na mahali pengine imefanywa vizuri, hasa kwa sauti za chini kabisa ambazo bomba lake ni refu kupita nafasi iliyopo. Tatizo lake ni joto. Hewa ikipata joto, sauti husafiri kwa kasi zaidi na noti ya bomba hupanda: takriban senti 3 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, na nusu toni ina senti 100. Jengo likibadilika kwa nyuzi 10, mabomba yamehama kwa senti 30, karibu theluthi ya nusu toni, na sauti za elektroniki zimebaki palepale. Sikio lolote litaumia. Ni lazima kuwe na kifaa cha kupima joto na kuzihamisha sauti za elektroniki ziyafuate mabomba, na awepo mtu wa kukiangalia. Kisipokuwepo, baada ya muda mpigaji huyazima mabomba ili kuepuka aibu, na kinanda kimekufa kwa njia ya pole.

Mzee wa Kanisa

Wanangu, mimi nimeshiriki kupiga kura ya kuondoa kinanda, na sijapata raha tangu siku hiyo. Tuliambiwa mabomba yana risasi na kwamba sheria za Ulaya zimepiga marufuku risasi. Tuliogopa. Je, lilikuwa kweli?

Mleta Mada

Mzee wangu, pokea heshima zangu. Mliambiwa nusu ya jambo. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vya umeme na elektroniki kuanzia mwaka 2006, na kwa kuwa vinanda vingi vina feni ya umeme, mafundi waliingiwa na hofu kubwa kwamba ufundi wao ungeharamishwa. Malalamiko yakasikilizwa, na marekebisho ya mwaka 2017 yakavitaja waziwazi vinanda vya mabomba kuwa viko nje ya katazo hilo. Mabomba yaliyosimama kwenye kinanda hayamdhuru aliyeketi kwenye benchi. Tahadhari ya kweli ni kwa anayeyakata, kuyasugua au kuyayeyusha, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoyapeleka kwa mtu wa chuma chakavu atakayeyayeyusha uani kwake.

Risasi ikiwa nyingi, tunaweza pia kusafisha. Moto wa Notre-Dame jijini Paris mwezi Aprili 2019 uliyeyusha paa la risasi, na kinanda kikuu chenye mabomba takriban 8,000 kikafunikwa na vumbi lake. Hakikuungua. Kilifunguliwa kipande kwa kipande mwaka 2020, kikasafishwa, kikarudishwa, na tarehe 7 Desemba 2024 kikasikika tena hadharani.

Kura yenu ilipigwa kwa taarifa mliyopewa, mzee. Nakuomba uulize tu kama kuna chochote kilichobaki darini au stoo. Kinanda cha mtengenezaji Arp Schnitger katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, Hamburg, kilichokamilika mwaka 1693, kilinyang'anywa mabomba yake ya mbele mwaka 1917 kwa ajili ya chuma cha vita. Katika vita vya pili mabomba yaliyobaki yalifichwa mahali salama kabla kanisa halijaharibiwa. Mwaka 1993 fundi Jürgen Ahrend alikamilisha kukirejesha. Kilirejeshwa kwa sababu kulikuwa na kitu cha kurejesha.

Katibu wa Baraza

Nimerudi na taarifa. Fundi alikuja Jumatano, nikamshikia taa. Feni iliwaka mara ya kwanza baada ya miaka minne, na upepo ukasikika ukivuja kutoka kwenye mvukuto mkuu, ambao ngozi ya kona yake moja imepasuka kiasi cha kuingia viganja viwili. Alifunga mpasuko kwa muda kwa kipande cha ngozi na gundi, akangoja, kisha akapanda kwenye vibonyezo. Noti 41 hazikulia na 3 zililia zenyewe. Nyingine zote zilitoa sauti, chafu, lakini sauti. Mfanya usafi aliyekuwa akifagia aliacha ufagio akaketi.

Taarifa yake inasema mabomba ni mazima, sanduku la upepo halijapasuka, na kazi kubwa ni ngozi, katika hatua tatu. Baraza halijakubali kufufua, ila limeahirisha ununuzi kwa miezi sita na limekataa ile ofa ya kuondolewa bure. Fundi ameshusha mabomba madogo 60 ambayo vitako vyake vimelegea, akasema tuyahifadhi. Stoo yetu ina kabati la mwaloni lenye mlango mzuri unaofunga. Je, tuyaweke humo?

Mleta Mada

Ndugu katibu, hapana, tafadhali, si kwenye mwaloni uliofungwa. Mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi unaoila risasi polepole. Ndio uliokuwa ukiyatafuna mabomba ya kale ya kinanda cha mtengenezaji Stellwagen kule Lübeck, Ujerumani, na watafiti walilazimika kuufanyia kazi ya miaka. Yazungushieni karatasi nyeupe isiyo na asidi, yalazeni kwenye trei, safu moja, bila kulibebesha bomba lolote uzito wa jingine, na trei ziwe mahali pakavu panapopitisha hewa. Kila bomba liandikiwe kwenye karatasi yake, kamwe lisikwaruzwe mwilini, jina la rejista na noti yake. Karibu na mguu wa kila moja mtakuta herufi ndogo iliyochorwa na mtengenezaji. Inakilini kama ilivyo, hata kama hamuielewi.

Na kabla kasha halijafungwa, naomba uingie na taa upande wa mvukuto, uangalie kama kuna maandishi ya penseli kwenye mbao. Yakiwepo, yapige picha.